Mdomo wa Kuazima: Historia ya Neno Paskwinada na Funzo Lake kwa Kiswahili

Utangulizi

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, asubuhi moja ya Jumatatu tulikuta karatasi mbili zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo ulio karibu na bwalo la chakula. Ya kwanza ilikuwa shairi la beti nne, tarbia iliyopangika vizuri vina na mizani, likimsifu kwa kinaya mhadhiri mmoja ambaye alama zetu za muhula uliotangulia alikuwa hajazitoa. Mtunzi alimwita mkulima hodari apandaye mbegu zitakazovunwa na wajukuu. Ya pili ilikuwa mchoro wa msichana wa mwaka wa kwanza, umbo lake limekuzwa mahali fulani na kupunguzwa mahali pengine, na chini yake orodha ya majina ya wavulana. Karatasi zote mbili hazikuwa na sahihi. Tulizisoma zote, na nakiri bila kificho kwamba tulizicheka zote, nami nikiwa miongoni mwa waliocheka kwa sauti.

Alama zilitoka kabla ya juma hilo kwisha. Msichana yule naye hakuonekana tena bwaloni muhula mzima. Alikuwa akila chumbani mwake, peke yake.

Siku chache baadaye, katika semina ya mbinu za fasihi, tuliulizwa karatasi zile mbili zingeitwaje kwa Kiswahili. Mmoja wetu alisema tashtiti, mwingine kejeli, wa tatu kijembe, wa nne kashfa. Tukabishana mpaka kengele ya saa ikatukata kauli. Hakuna hata mmoja aliyeuliza iwapo karatasi hizo zilistahili kuitwa kwa jina moja. Swali hilo limenifuata tangu siku hiyo, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Maoni yangu ni kwamba hazistahili. Ushahidi nitakaoutoa unatokana na historia ya neno la kigeni ambalo baadhi yetu tumekutana nalo katika vitabu vya uhakiki, nalo ni paskwinada, yaani tashtiti isiyo na jina la mtunzi inayobandikwa hadharani.

Jiwe lililopewa ulimi

Neno hili linatokana na jina la sanamu. Mnamo mwaka 1501, kardinali Oliviero Carafa alisimamisha katika pembe ya jengo moja karibu na uwanja wa Navona mjini Roma sanamu ya kale iliyokuwa imefukuliwa ardhini. Sanamu yenyewe haikuwa na sura ya kutamanika. Mikono haikuwepo, uso ulikuwa umelika, na mwili wa pili ulioegemea kwake ulibaki kipande tu. Wataalamu wa sanaa ya kale wanaitambua kuwa ni Menelaus akiubeba mwili wa Patroclus, mashujaa wa vita vya Troya. Wakazi wa mtaa, ambao hawakuwa na haja na Menelaus, waliiita Pasquino. Kuhusu jina hilo zipo simulizi kadhaa. Wengine husema Pasquino alikuwa fundi cherehani mwenye ulimi mkali aliyekaa jirani, wengine humfanya kinyozi, na wengine mwalimu. La muhimu kwetu ni kwamba katika simulizi zote hizo ni mtu wa kawaida, asiye na cheo.

Jambo litakalowafurahisha wasomaji wa jarida hili ni kwamba ada ya kubandika maandishi juu ya Pasquino ilianza kama shughuli ya wasomi. Kila tarehe 25 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu Marko, sanamu ilivishwa mavazi ya mungu au shujaa fulani wa visasili, na walimu pamoja na wanafunzi wa Kilatini wakaitundikia mashairi yao mafupi. Kufikia mwaka 1509 mashairi hayo yalikwisha kuanza kukusanywa na kupigwa chapa. Yalikuwa mazoezi ya lugha, mithili ya mashindano ya ushairi ambayo vyama vya Kiswahili huyaandaa vyuoni mwetu kila mwaka.

Lakini ukimpa kijana kalamu na mahali ambapo hakuna atakayemjua, usitarajie aandike sifa za majira ya machipuko tu. Punde mashairi yakaanza kuwagusa wakubwa wa Kanisa, ambao ndio waliokuwa pia watawala wa mji. Papa Leo wa Kumi alipofariki mwishoni mwa mwaka 1521 na makardinali wakajifungia kumchagua mrithi wake, Pietro Aretino aliwachambua mmoja mmoja kwa kinywa cha Pasquino, na Roma nzima ikacheka. Aliyechaguliwa, Adrian wa Sita kutoka Utrecht, alichukizwa mno. Inasimuliwa kwamba aliazimia sanamu itupwe katika mto Tiber, akazuiwa na mshauri aliyemwonya kwamba majini Pasquino angezidi kupiga kelele kama chura.

Baada ya muda Pasquino alipata wenzake. Zilikuwepo sanamu nyingine mjini zilizobandikwa karatasi, na mashuhuri kati yake ni Marforio. Karatasi ya Marforio iliuliza swali kwa upole wa mjinga, na ya Pasquino ikajibu. Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na mtindo huu. Mombasa ya Muyaka bin Haji na Lamu ya washairi wenzake zilijua fika jinsi shairi linavyotoka upande mmoja likajibiwa na upande wa pili, na jinsi siasa ya miji miwili inavyoweza kubebwa na beti chache.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa zama za Papa Urban wa Nane, wa ukoo wa Barberini, aliyetawala kati ya 1623 na 1644. Papa huyo aliamuru shaba ya ukumbi wa mbele wa Pantheon ing'olewe, na sehemu kubwa yake ikayeyushwa kuundia mizinga. Jengo lile lilikuwa limesimama kwa karne 15 na kuyaona majeshi ya washenzi yakipita. Pasquino akacheza na jina la ukoo wa Papa, ambalo kwa sauti linakaribiana na neno la Kilatini lenye maana ya washenzi, akasema kwamba ukoo huo umetenda ambalo washenzi hawakulitenda. Ni kauli fupi kiasi cha kutosha kwenye kipande cha karatasi, na hadi leo hakuna anayeeleza habari za shaba ile asiitaje.

Mchezo huu haukuwa wa bure. Mwaka 1570 mwandishi Nicolò Franco alinyongwa mjini Roma kwa sababu ya maandishi yake dhidi ya utawala wa Papa. Ndipo tunapoelewa kwa nini karatasi hazikutiwa sahihi. Aliyeazima mdomo wa jiwe aliuazima kwa kuwa mdomo wake mwenyewe ungemgharimu shingo.

Safari ya neno na anguko lake

Kutoka Roma neno lilisafiri. Kiingereza kililipokea mapema katika umbo la pasquil, na mwaka 1533 Thomas Elyot alichapisha mjadala ambao ndani yake Pasquil ni mshauri msema kweli asiyejua kujipendekeza. Umbo pasquinade lilikuja baadaye kupitia Kifaransa. Mwaka 1544, mkusanyo wa majuzuu mawili wa maandishi ya aina hii ulitolewa Basel, ukawa silaha ya wanamageuzi wa Kiprotestanti dhidi ya Roma. Hadi hapo neno lilikuwa bado limesimama wima.

Hebu sasa tulitazame kaskazini na mashariki mwa Ulaya. Kwa Kijerumani, Pasquill lilikuja kutumika hata katika lugha ya sheria kumaanisha maandishi ya kashfa yasiyo na jina la mwandishi. Katika Kipolandi, paszkwil ni andiko la kuchafua jina la mtu. Katika Kirusi, paskvil ni hivyo hivyo, na historia ya fasihi ya Kirusi ina mfano wake mchungu. Mnamo Novemba 1836, Aleksandr Pushkin pamoja na baadhi ya rafiki zake walipokea barua zisizo na sahihi, zilizoandikwa kama hati rasmi, zikimtawaza mshairi huyo kuwa mwanachama wa jumuiya ya waume waliosalitiwa na wake zao. Wahakiki wa Kirusi wanaziita barua hizo paskvil. Mapema mwaka 1837 Pushkin alipigana kwa bastola na mtu aliyehusishwa na mkewe, akajeruhiwa, akafa akiwa na umri wa miaka 37.

Neno hili basi lina nasaba moja na wajukuu wasiofanana. Mjukuu mmoja anamaanisha kauli ya mnyonge kumwelekea mwenye nguvu. Mwingine anamaanisha sumu inayopenyezwa katika nyumba ya mtu gizani. Umbo la nje ni lile lile: karatasi, dhihaka, mtunzi asiyejulikana. Kilichobadilika ni mwelekeo wa mshale. Kwa maoni yangu hilo ndilo funzo kuu la historia ya neno hili. Kuficha jina na kuchekesha watu havitoshi kuifanya karatasi iwe tashtiti.

Punch wa Mlimani

Pengine kuna atakayesema kwamba haya ni mambo ya Ulaya, hayatuhusu. La hasha. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vina Pasquino wao, na aliye mashuhuri kuliko wote aliishi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliitwa Mzee Punch. Jina Punch nalo lina asili ya Kiitalia, kwani kikaragosi cha Kiingereza chenye jina hilo kinatokana na Pulcinella, mchekeshaji wa jukwaani. Jarida la vikatuni lililoanzishwa London mwaka 1841 lilichukua jina hilo hilo.

Mzee Punch hakuwa mtu mmoja. Lilikuwa kundi la wanafunzi wasiojulikana waliochora na kuandika, kisha wakabandika ukutani. Miongoni mwa waliochekwa walikuwemo wakubwa wa chuo na viongozi wa wanafunzi. Kadiri miaka ilivyosonga, mshale uligeuka. Waliolengwa zaidi wakawa wanafunzi wa kike, hasa wale waliowakataa wanaume au waliokataa kutii amri za kundi. Mwanafunzi aliyechorwa alitengwa, na wenzake waliogopa kuonekana naye. Mwezi Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa ameandamwa kwa njia hiyo alijitoa uhai. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1987, kilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti, na Punch akapigwa marufuku.

Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka msichana wa bwaloni kwetu. Niliona aibu ambayo bado ninayo. Waliompachika ukutani hatukuwafahamu, lakini sisi tuliosimama pale tukacheka tulikuwa na majina na sura, naye alituona.

Sisi na fumbo letu

Ni haki kuuliza iwapo utamaduni wa Waswahili una chochote cha kulinganishwa na Pasquino. Nadhani unacho, tena karibu sana nasi. Kanga ni vazi lenye maandishi. Mwanamke anayetaka kumfikishia jirani ujumbe huchagua kanga yenye jina linalofaa, akajifunga, akapita mlangoni kwa jirani huyo. Akiulizwa, atajibu kwamba yeye amevaa nguo tu, maneno yaliandikwa na waliochapa kitambaa. Kadhalika katika taarabu, msikilizaji huinuka na kumtuza mwimbaji pale ubeti unapomgusa adui yake. Maneno ni ya mwimbaji, lakini kijembe ni cha aliyetuza. Huu nao ni mdomo wa kuazima.

Hata hivyo ipo tofauti ambayo haifai kupuuzwa. Kanga ina mvaaji. Yule anayetupa kijembe yupo pale pale, mwili wake unaonekana, naye anaweza kujibiwa kwa kanga nyingine kesho yake. Isitoshe, fumbo humwachia mlengwa nafasi ya kujifanya hakuelewa, na hivyo kuiokoa heshima yake. Mchoro wa bwaloni haukuacha nafasi hiyo. Ulimtaja, ukamvua, ukamnyima wa kumjibu. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu walioiita karatasi ile kijembe. Kijembe kina adabu zake.

Tuiteje kwa Kiswahili?

Nafika sasa kwenye pendekezo. Wapo wanaotaka tulitohoe neno lenyewe na kusema paskwinada. Sipingi utohozi. Lugha yetu imejaa maneno yaliyotoka mbali nayo yakawa wenyeji, na tashtiti lenyewe si la Kibantu. Tatizo langu na paskwinada ni kwamba linakuja na mizigo miwili inayopingana. Mwanafunzi aliyelipata kupitia Kiingereza atalielewa kama tashtiti, na aliyelipata kupitia Kirusi atalielewa kama kashfa. Isitoshe, halimwambii chochote msomaji asiyemjua Pasquino.

Kiswahili tayari kina kitenzi bandika, na kutokana nacho tuna nomino bandiko, kwa kanuni ile ile iliyotupa andiko kutokana na andika na fumbo kutokana na fumba. Leo bandiko limeshazoeleka pia kwa maandishi yanayowekwa kwenye intaneti, jambo linalolipa nguvu zaidi, kwani ukuta wa siku hizi aghalabu umo mfukoni. Napendekeza basi istilahi mbili badala ya moja. Karatasi inayotumia kejeli hadharani dhidi ya mwenye mamlaka kuhusu namna anavyoyatumia mamlaka hayo iitwe bandiko la tashtiti. Ile inayomlenga mtu kwa maumbile yake, faragha yake au unyonge wake iitwe bandiko la kashfa, hata kama ina vina na mizani na hata kama inachekesha.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Kwanza, patakuwa na watakaosema kwamba mhakiki hapaswi kupima maadili, kazi yake ni kueleza mbinu. Kwa upande wangu, nadhani mlengwa wa tashtiti ni sehemu ya mbinu yenyewe. Tashtiti hukosoa ovu lenye madhara kwa jamii. Ukiondoa ovu, hakuna tashtiti, pana ukatili tu uliopambwa. Pili, tutaulizwa nani ataamua aliye na nguvu na asiye nayo. Kweli, mpaka huo si mstari ulionyooka. Kiongozi wa wanafunzi ni mkubwa mbele yetu na mdogo mbele ya utawala wa chuo. Hata hivyo lipo swali linalosaidia: aliyebandikwa akikasirika, anaweza kumfanya nini aliyebandika? Mhadhiri yule angeweza kutunyima alama. Msichana yule hakuweza kumfanya mtu yeyote lolote.

Tatu, wapo wanaoshikilia kwamba karatasi yoyote isiyo na sahihi ni woga, na mwungwana husema lake waziwazi. Rai hii inavutia, lakini husemwa mara nyingi na wasioweza kudhurika. Nicolò Franco alijulikana, akanyongwa. Karibu na sisi, Abdilatif Abdalla aliandika kijikaratasi cha Kenya: Twendapi? mwaka 1968. Hakikuwa tashtiti, kilikuwa hoja kavu ya kisiasa, lakini mwandishi alipojulikana alifungwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972. Kifungo hicho ndicho kilichotupa diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973. Diwani hiyo tunaifurahia madarasani, ila tusisahau kwamba hakuna mwanafunzi anayewajibika kulipa bei hiyo ili aruhusiwe kukosoa. Kuficha jina ni ngao. Ngao si aibu kwa anayeelekea kwa mwenye upanga. Inakuwa aibu pale inapobebwa na kundi zima linalomzunguka mtu mmoja asiye na silaha.

Hitimisho

Pasquino angali amesimama Roma, katika uwanja mdogo wenye jina lake. Dola ya Papa iliyomwogopa ilianguka mwaka 1870, na tangu hapo amekuwa akinyamaza miaka mingi na kuzungumza pale anapoudhika, kama alivyofanya mwaka 1938 Hitler alipoutembelea mji huo chini ya utawala wa Mussolini. Baada ya kusafishwa na kukarabatiwa miaka kadhaa iliyopita, aliwekewa ubao pembeni ili karatasi zisiharibu mawe yake. Watu bado wanabandika.

Nasi bado tunabandika. Ombi langu kwa wanachama wenzangu, na kwa wahadhiri wetu wanaotunga mitihani na kusimamia tasnifu, ni kwamba tuzitenganishe karatasi hizi mbili kwa majina, ili mwanafunzi anayekuja nyuma yetu asiambiwe kwamba aliyemvua mwenzake nguo ukutani naye ni mtanzu wa fasihi. Na ombi langu kwa yule asiyejulikana aliyeandika tarbia ya mkulima ni kwamba aendelee. Mizani yake ilitimia. Yule aliyechora mchoro sina la kumwambia. Ningependa tu kumwambia msichana yule, popote alipo, kwamba niliyecheka nilikuwa mimi, na jina langu liko juu ya makala haya.